Ikra Hataki Nairobi

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka na goti. Goti la kushoto, lile la klachi. Pikapu yangu ya kwenda Merti imekaa juu ya mawe hapa uani tangu katikati ya Ramadhani, inangoja giaboksi. Kwa hiyo sielewi goti linauma kwa kazi gani.

Chai ya asubuhi. Ikra, binti yangu wa kwanza, akasema huku anapaka siagi kwenye mkate kwamba ameshaamua chuo. Nikaweka kikombe chini nipokee habari vizuri. Alama zake zinamfikisha chuo kikuu cha jijini, Nairobi, kile chenye maghorofa na chemchemi ya maji mbele. Mimi nilikuwa nimeshajiona nimesimama kando ya chemchemi hiyo, nimevaa koti, napigwa picha. Akasema Malkadima.

Malkadima! Mji wa barabara moja, mwendo wa saa tatu kutoka hapa Isiolo kama mvua haijanyesha. Chuo kina majengo manne na zizi. Nimepita pale mara nyingi na mizigo ya unga na sikuwahi kujua ni chuo. Nilidhani ni idara ya mifugo. Ikra anasema ndiyo maana anakitaka. Anataka kusomea afya ya mifugo, na huko mwanafunzi anashika ngamia kuanzia wiki ya kwanza. Jijini, anasema, ngamia atamwona ukutani kwa mwanga wa projekta.

Isnino, mke wangu, akasema mtoto ameeleza vizuri. Isnino anauza maziwa ya ngamia. Hawezi kuwa mwamuzi wa haki katika jambo hili.

Ningeweza kuvumilia Malkadima kama si Mureithi. Mureithi ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na binti yake Wanja alisoma darasa moja na Ikra. Wiki iliyopita aliniambia Wanja anakwenda Nairobi. Amenunua sanduku la magurudumu, rangi ya zambarau, na ameliweka kwenye dirisha la duka, katikati ya toroli na makopo ya rangi, kila mtu alione. Nikajibu, bila kuulizwa, kwamba Ikra pia ni Nairobi. Nilisema mbele ya wateja wanne na fundi wa mabomba. Fundi huyo huingia kila nyumba hapa mtaani kwetu, Kiwanjani.

Mambo yalivyo: mtandao wa kuchagua vyuo unafungwa Jumamosi, na mpaka hapo mtu anaweza kubadilisha. Ijumaa, Malkadima wanahoji wanafunzi kwa nafasi kumi za ufadhili. Akipata ufadhili, hatanisikia tena. Nina siku nne. Nimechoka kabla sijaanza.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza. Ushawishi wa upole.

Nilimpigia simu Sakariye, ndugu yake Isnino, anayeuza kava za simu Eastleigh. Nikamwomba apige saa moja jioni, nitaweka sauti wazi familia nzima isikie, na aeleze uzuri wa maisha ya Nairobi. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, shemeji, hilo ni jambo dogo kabisa.

Alipiga saa moja kamili. Alianza vizuri, akataja barabara mpya za juu kwa juu. Kisha akataja foleni iliyo chini ya hizo barabara. Kutoka kwenye foleni akaingia kwenye maji, ambayo huja mara mbili kwa wiki, na kutoka kwenye maji akapanda ngazi, ghorofa ya sita, akiwa na mtungi. Akaeleza kwamba jirani wa mlango wa pili ameishi naye miaka minne na hajui jina lake. Akasema juzi alipata homa siku tatu, na aliyegundua kuwa hayupo dukani ni mtu wa kukusanya ushuru. Mwisho akamwomba dada yake amtumie maziwa kidogo, yaliyofukizwa vizuri, kwa sababu ya Nairobi yana ladha ya mfereji.

Ikra alimshukuru mjomba kwa ushauri. Alisema umemsaidia sana. Isnino alicheka mpaka akauacha ugali jikoni ukaungua, na tukaula hivyo hivyo.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa pili. Kama Nairobi haiwezi kusifiwa, basi Malkadima itukanwe.

Diba ndiye dereva anayekwenda Malkadima kila wiki. Nilimnunulia chai na mahamri matatu, nikamwomba apite nyumbani kama mtu aliyekuja kusalimia tu, kisha ataje ubaya wa mji ule. Alikubali haraka. Diba ni mtu mwaminifu, ukimlipa mahamri anafanya kazi ya mahamri.

Akaja. Salaam aleikum, aleikum salaam. Akasema Malkadima hakuna maji baridi, hakuna sinema, mtandao unapatikana ukipanda juu ya tangi. Ikra akasema hilo analijua. Basi Diba akatoa la mwisho, lile tulilopanga. Akasema fisi hufika mpaka karibu na mabweni ya wasichana. Nikamtazama mtoto. Macho yalimwaka. Akauliza ni fisi gani, wa madoa au wa milia, kwa sababu wale wa milia wamekuwa adimu na mwalimu mmoja wa chuo hicho anawafuatilia. Diba hakujua. Ikra akaleta daftari na kumwomba safari ijayo aangalie nyayo. Diba, msaliti, akaahidi.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka nikifikiria maisha yangu Sakariye alipopiga tena, safari hii kwangu tu. Anaona haya kwa jana. Anataka kunifidia. Anasema anamjua mtu wa ndani kabisa pale chuo cha jijini, mtu ambaye akiona karatasi ya matokeo, ile yenyewe, si nakala, anaweza kumwandikisha mtoto hata kama mtoto mwenyewe hajaomba. Nikamwuliza mtu huyo ana cheo gani. Akasema yuko mlangoni. Nikaona hiyo ni ofisi ya mapokezi.

Halafu nikaona jambo lingine, na nikakaa wima. Malkadima pia wanataka karatasi yenyewe siku ya Ijumaa. Bila karatasi hakuna kuhojiwa. Karatasi ikiwa safarini Nairobi, haiwezi kuwa Malkadima.

Niliiona akili yangu ikifanya kazi. Haijafanya hivyo tangu giaboksi ife.

Nitaipelekaje? Ofisi ya vifurushi vya basi, hapana. Karani wa pale ni Kinanu, na Kinanu anaimba kwaya moja na Wacuka, mke wa Mureithi. Lakini kila asubuhi kikundi cha akina mama hupeleka maziwa Nairobi kwa basi la saa tatu, na mitungi mitupu hurudi baadaye. Mitungi yote ni ya manjano na inafanana. Wengi wa akina mama wazee hawasomi, kwa hiyo kila mmoja hufunga kitambaa cha kijani shingoni mwa mtungi na kutia mafundo yake. Wapokeaji wa Nairobi huhesabu mafundo na kujua ni wa nani. Niandike hapa nisije nikasahau. Fundo moja ni Mama Robow. Mafundo mawili ni Isnino. Mafundo matatu ni Wacuka, ambaye mwaka jana naye aliingia biashara ya maziwa ya ngamia. Hawa watu wa Mureithi hawatuachii kitu.

Mitungi ya Isnino hupokelewa na mteja wake, na Sakariye ataenda pale kuchukua yale maziwa aliyoomba jana. Ataipata karatasi chini ya kitambaa. Rahisi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya.

Baada ya sala ya alfajiri, Isnino akiwa jikoni, nilitoa karatasi ya matokeo kwenye sanduku la Ikra. Kifuko chake cha plastiki ni kigumu, nikakiacha humo. Nikaikunja mara mbili. Nikafungua kitambaa cha mtungi wa pili wa Isnino, nikaizungusha chini yake, nikafunga tena. Kitambaa kile kimekauka kwa moshi wa miaka, vidole viliniuma. Isnino akatokea na kuniuliza nafanya nini hapo. Nikasema nasaidia. Akanitazama muda mrefu. Katika miaka ishirini na moja sijawahi kusaidia.

Mitungi ikaondoka. Nikarudi kulala. Sikulala.

Saa tano Ikra alifungua sanduku apange vitu vya kesho. Akatoa nguo moja moja. Kisha akatoa zote. Kisha akaketi sakafuni na sanduku tupu mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Hakulia. Alisema polepole kwamba lazima aliipoteza mwenyewe, siku ile alipokwenda kutoa nakala, na kwamba yeye ni mjinga. Hilo sikuwa nimelipanga. Nilipanga akose karatasi. Sikupanga ajiite mjinga.

Akafagia nyumba nzima. Akahamisha kabati peke yake. Nikasaidia kutafuta, ningefanya nini? Niliinua godoro ambalo nilijua halina kitu chini yake. Nikaingiza mkono nyuma ya friji. Aliniambia asante, Aabo, baba yangu, pumzika, goti lako. Nilijisikia vibaya sana na ninaandika hivyo, vibaya sana.

Bado ningeweza kusema. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nikasema labda iko kwa jirani.

Saa kumi Sakariye akapiga. Mtungi mmoja wa Isnino umefika, wa pili haupo. Ule uliofika hauna karatasi. Nikamwambia ahesabu tena. Akasema shemeji, ni mtungi mmoja, nauhesabu vipi tena?

Nikaenda uani kukaa ndani ya pikapu. Pale usukani mikono yangu ikakumbuka yenyewe. Nilifunga fundo moja. Vidole viliuma, Isnino akatokea, nikaacha kwenye moja. Mtungi umekwenda kwa mteja wa Mama Robow, mwenye hoteli asiyejulikana na Sakariye.

Jioni yote Isnino alikuwa kwenye simu. Mteja wake amepungukiwa maziwa, na ameanza kusema labda atafute muuzaji mwingine. Mama Robow anaulizwa imekuwaje mteja wake amepokea mtungi wa ziada, na Mama Robow amesema kama anaitwa mwizi aambiwe wazi. Wanawake hawa wawili wamepeleka maziwa pamoja miaka kumi na mitano. Waliwahi kuzaa wiki moja na kunyonyesheana watoto. Leo wamemaliza simu bila kuagana.

Ikra ameshona kifungo cha shati la kesho, ingawa hana karatasi ya kwenda nayo.

Ijumaa, 9 Mei

Saa kumi na mbili na nusu gari likapiga honi langoni. Nikatoka. Alikuwa Mureithi, ndani ya lile gari lake linalonuka saruji, na Wanja kiti cha nyuma.

Habari ya asubuhi, Baba Ikra. Nzuri. Akaangalia usukani. Akasema Wanja amempigia Ikra jana na kusikia msiba wa karatasi. Watapitia shuleni kwanza, mwalimu mkuu ni mtu wa watu, ataandika barua na kugonga muhuri, kisha waende wahojiwe. Ikra akatoka nyumbani anakimbia huku anafunga hijabu. Sijamwona akikimbia hivyo tangu darasa la tano.

Nikamwuliza Mureithi, waende wahojiwe, akina nani?

Hapo ndipo alipolazimika kusema. Wanja pia ni Malkadima. Alijaza tangu siku ya kwanza. Anataka kusoma mambo ya malisho na maji. Mama yake amefurahi kwa sababu ya biashara ya maziwa. Mureithi amebembeleza, amekataza, amenunua sanduku. Sanduku lilikuwa hongo! Aliliweka dirishani kwa sababu binti alikataa kuliingiza nyumbani. Na Nairobi alinitajia mimi tu, kwa sababu aliona nakuja na uso wa mtu atakayetaja Nairobi.

Tukatazamana. Wanaume wawili wazima. Nilipaswa kucheka naye, nafikiri. Badala yake nikamwambia kwamba Ikra naye alikuwa anakwenda Malkadima kuangalia tu.

Akaniambia nafasi ipo kwenye gari, twende. Nikasema nina kazi ya gari. Akatupa macho uani, kwenye pikapu iliyo juu ya mawe, na kwa heshima hakusema neno. Aliomba tu, kama sitajali, nimkalie dukani mpaka jioni. Wacuka ana mkutano wa kikundi, kuna ugomvi wa mitungi.

Basi leo, siku ambayo mtoto wangu anahojiwa, nimeuza misumari ya Mureithi. Inchi mbili, inchi tatu, inchi nne. Nimekata mabati. Nilikwenda sala ya Ijumaa nikakaa safu ya nyuma kabisa, nikarudi, nikauza bawaba. Nyuma yangu lile sanduku la zambarau. Fundi wa mabomba aliingia, akanikuta nyuma ya kaunta ya Mureithi, akanunua koki moja na kutoka kwa haraka ya mtu aliyebeba habari.

Walirudi machweo. Ikra amechoka, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Barua ya mwalimu mkuu ilikubaliwa, lakini kwa masharti: karatasi yenyewe ifike mikononi mwao kabla ya Jumanne, la sivyo nafasi itakwenda kwa mwingine. Alisema pia kwamba walimpa ngamia jike mwenye kidonda cha kiwele, wakamwuliza angefanya nini. Alieleza jinsi bibi yake alivyokuwa akifanya, kabla ngamia wa bibi hawajaisha katika ule ukame. Wahoji waliacha kuandika wakawa wanasikiliza. Alipokuwa anasimulia, Isnino alimshika mguu na kuukanda.

Mimi nilimwuliza kama aliona fisi.

Jumamosi, 10 Mei

Mitungi mitupu imerudi na basi la mchana. Nilikuwa stendi tangu saa nne. Niliupata ule mtungi kati ya mingine, kitambaa bado kiko, fundo moja. Chini yake, karatasi. Nilikaribia kuibusu.

Kisha nikaifungua. Watu wa ile hoteli wanajua kazi yao. Mzigo ukija na karatasi, karatasi hupigwa muhuri irudi. Juu ya alama za mtoto wangu, pale kwenye biolojia, kuna muhuri wa buluu: YAMEPOKELEWA. Nyuma, kwa kalamu, wameandika kwamba maziwa ni mazuri kuliko ya kawaida, waongezewe lita kumi.

Mpango wa nne, wa haraka. Nikaipeleka nyumbani chini ya shati, nikaisukuma nyuma ya kabati, nikatoka, nikakohoa, nikarudi, nikasema kwa sauti kwamba hatujaangalia nyuma ya kabati. Ikra akasema alilihamisha kabati zima juzi. Nikasema tuangalie tena, vitu huteleza.

Akaivuta. Alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Pumzi hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu karatasi inanuka moshi wa mtungi, moshi ule wa mti anaofukizia mama yake, na mtoto huyu amekua na harufu hiyo. Akaisogeza puani. Akasoma muhuri. Akageuza, akasoma nyuma. Akampa mama yake. Isnino akasoma, akanusa, akakumbuka Alhamisi alfajiri na mtu aliyekuwa anasaidia.

Hakuna aliyepaza sauti. Ningependa wangepaza. Ikra alinitazama tu, akasema, “Aabo, ni mafundo mawili.”

Kisha Isnino akanikalisha na kitambaa mkononi, akanifundisha kama mtoto wa chekechea. Moja, Mama Robow. Mawili, yeye. Matatu, Wacuka. Akanifanya nirudie. Nimerudia. Nimesema nimeelewa.

Jumatatu, 12 Mei

Isnino hajazungumza nami tangu juzi, isipokuwa kunipa kazi. Kazi ya kwanza: kupeleka karatasi Malkadima mimi mwenyewe, kwa gari la Diba, mkononi, si chini ya kitu chochote. Nimekwenda. Karani wa Malkadima aliutazama muhuri, akauliza kama kuna chuo kingine kimeshampokea. Nikasema ni hoteli. Akaandika kitu.

Wakati nangoja, nikatembea mpaka zizini. Kulikuwa na upepo, na wasichana wawili wamevaa mabuti wanamshika ngamia aliyekataa kushikwa. Nilikaa ukutani. Palikuwa pazuri, sitamwambia mtu.

Kazi ya pili: kumwomba Mama Robow msamaha. Nimeomba. Alinipa chai ya tangawizi, akasema yamekwisha, sisi ni watu wa nyumba moja. Nilipofika nyumbani, dakika kumi kwa miguu, mtaa mzima ulikuwa umeshajua, na Abdinur, mdogo wake Ikra, alikuwa anaonyesha wenzake jinsi baba alivyofunga mtungi.

Jioni Ikra alikuja kukaa nami ndani ya pikapu. Akauliza kwa nini. Si kwa hasira. Nikataka kumwambia ni kwa ajili ya maisha yake ya baadaye. Nilikuwa nimechoka mno kudanganya, nikamwambia ukweli. Kwamba mwaka wa tisini na sita nilipata barua ya chuo Nairobi, uhasibu. Baba yangu alinisindikiza mpaka kwenye basi. Nilipofika Nanyuki nikaingiwa na baridi na hofu, nikashuka na sanduku langu, nikapanda lori la kurudi. Baba akadhani nimekosa nafasi, na kwa sababu alinihurumia, akanifundisha gari. Sijawahi kumwambia mtu. Hata Isnino anajua ile ya kukosa nafasi.

Ikra akasema pole, Aabo. Kisha akasema hawezi kunifikishia safari yangu, kwa sababu ana yake, na haipiti Nanyuki. Aliweka mkono juu ya gia iliyokufa, tukakaa hivyo mpaka mwadhini akaita. Nimemwahidi sitaingilia tena. Nimeapa.

Usiku amepata ujumbe. Ufadhili ni wake. Wanja pia.

Jumamosi, 6 Septemba

Wiki moja tangu tumpeleke. Giaboksi ilipatikana, na mimi mwenyewe niliendesha, mpaka kilomita kumi kabla ya Malkadima, ambapo giaboksi iliamua vingine. Tukaingia chuoni tumevutwa kwa kamba na gari la Mureithi. Sanduku la zambarau lilikuwa mbele yetu, limefungwa juu ya gari lake, njia nzima nikilitazama. Binti alilikubali mwishowe.

Ikra alituaga haraka, kulikuwa na ndama mgonjwa. Nyumba imekuwa kubwa. Natengeneza chai ya watu watano, tuko wanne. Mara mbili nimemwita anisomee ujumbe kwenye simu. Mwezi wa Mei niliandika kwamba goti linauma, na leo kuna kinachouma tena. Si goti.

Leo Diba anakwenda Malkadima. Isnino anampelekea Ikra mtungi mdogo wa maziwa, na Wacuka anampelekea Wanja wake. Yote miwili iko mlangoni kwetu, ya manjano, inafanana. Wa Wacuka ameshaufunga kama afungavyo. Wa kwetu Isnino ameniachia nifunge mimi, kwa kuwa ameitwa kwa Mama Robow, na kwa kuwa, alisema, sasa najua.

Sitaingilia. Niliahidi. Lakini kumjulisha mtu habari si kuingilia. Sakariye amepiga. Uhamisho wa wanafunzi kati ya vyuo hufunguliwa Januari, na amepata mtu mwingine wa ndani, tofauti na yule, ambaye ilibainika anauza njugu getini. Huyu mpya yuko ndani kabisa. Anafagia.

Nimemwandikia Ikra barua, kurasa tatu, mtoto asome akiwa ametulia. Nimeeleza faida za kuhamia Nairobi Januari, kimyakimya, bila Wanja kujua, ili Mureithi aamke siku moja akute binti yake peke yake kule kwenye fisi. Kwa kuwa ni barua ya faragha kati ya baba na mtoto, nimesema pia yale ninayoyafikiri kuhusu Mureithi: uendeshaji wake, mizani yake ya misumari, na jinsi alivyokuwa anaimba nyimbo za kanisa kilomita kumi zote alizotuvuta. Nimejisikia mwepesi.

Nimeikunja na kuiweka chini ya kitambaa. Nimefunga polepole, sikutaka makosa ya Mei. Nakumbuka vizuri kilichoniponza: fundo lilikuwa moja, halitoshi. Nikatia la pili. Nikafikiri juu ya barabara ile ilivyo na mashimo, na juu ya Diba, na nikatia la tatu kwa usalama. Nimevuta kwa nguvu zote. Halifunguki.

Diba amepakia. Nimemwona akihesabu mafundo kwa kidole, mtungi wa kwanza, mtungi wa pili, kisha akahesabu tena na kunitazama. Nikamwashiria aende, barabara ni ndefu.